Mizani Iko Mikononi mwa Nani: Almasi ya Botswana, Shaba ya Katanga na Gesi ya Lindi

Gramu moja ya dhahabu ni ndogo kuliko punje ya hindi. Ndiyo maana katika masoko ya madini mizani hukaa ndani ya kisanduku cha kioo, kwa kuwa upepo wa feni tu unatosha kuchezesha tarakimu. Siku moja nilisimama katika soko la aina hiyo, kanda ya ziwa, Tanzania, nikamtazama kijana akifungua kikaratasi alichokikunja mara nne. Ndani mlikuwa na kidonge cha rangi ya njano iliyofifia, jasho la wiki tatu kwenye duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo. Mnunuzi alikiweka kwenye mizani, wote wawili wakainama kusoma. Kikapelekwa kwenye mashine ya kupima usafi. Ofisa wa madini akaandika uzito na kiwango, akapiga hesabu ya mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayokwenda serikalini, asilimia 6 na ada ya ukaguzi asilimia 1, akatoa risiti. Mambo yakaisha kwa dakika chache, na hakuna aliyepandisha sauti.

Mzee aliyekaa nami kwenye benchi, mchimbaji wa miaka mingi, alinieleza kwamba kabla ya masoko haya kuanza mwaka 2019, mizani ilikuwa ya mnunuzi na ilikaa chumbani kwa mnunuzi. Ukiukataa uzito anaoutaja, unaondoka na dhahabu yako mfukoni, huku deni la karasha, mashine ya kusaga mawe, na deni la chakula yanakusubiri kule shimoni. Kwa hiyo watu hawakukataa.

Naanza na mizani kwa sababu ndipo ulipo ufunguo wa swali ambalo wachumi wamelibishania kwa zaidi ya miaka 30: imekuwaje nchi nyingi zenye madini na mafuta zikabaki nyuma ya nchi ambazo hazikujaliwa chochote chini ya ardhi? Ukifuatilia mjadala huo, baada ya muda utakutana na neno "taasisi". Kwetu neno hili linapoteza watu njia, maana tukilisikia tunaona jengo lenye bendera na mlinzi getini. Wachumi wanalitumia kwa maana pana zaidi, ya kanuni na mazoea ya kuishi pamoja. Nani ndiye mwenye mali? Nani anapima, nani anasaini? Nani anaweza kusema hapana, na akishasema akaenda kulala salama? Mizani ndani ya kioo, inayosomwa na watu watatu wasio ndugu, ni taasisi.

Mwaka 1995 wachumi wawili, Jeffrey Sachs na Andrew Warner, walizipanga nchi kwa kuangalia jinsi mauzo yao ya nje yalivyotegemea maliasili mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha wakatazama zilivyokua katika miaka karibu 20 iliyofuata. Kwa wastani, zilizotegemea maliasili zaidi zilikua polepole zaidi. Jina lilikuwa limeshapatikana miaka miwili kabla, kutoka kwa Richard Auty: laana ya rasilimali. Jina hilo limetuathiri vibaya. Aliyelaaniwa hana la kufanya isipokuwa kutafuta mganga, na wanasiasa wetu wamelipenda kwa sababu hiyo hiyo. Tuifungue basi hiyo laana tuone imefungwa kwa kamba gani.

Kamba ya kwanza ni thamani ya fedha. Uholanzi iligundua gesi nyingi Groningen mwaka 1959. Dola zilipoanza kumiminika, fedha ya Uholanzi ikapanda thamani, na viwanda vyake vikaona bidhaa zao zimekuwa ghali mbele ya wanunuzi wa nje. Mwaka 1977 hali hiyo ikapewa jina la ugonjwa wa Kiholanzi. Fikiria mkulima wa korosho anayeuza nje. Dola moja anayolipwa akiibadilisha inampa shilingi 2,600. Madini yakileta dola nyingi nchini, dola ileile inampa shilingi 1,800. Vibarua wamekimbilia mgodini, na korosho ni zilezile. Hakuna aliyemwibia, lakini amefilisika. Nigeria iliyapitia haya kwa ukali. Kano ilikuwa maarufu kwa piramidi za magunia ya karanga, lakini mafuta yaliposhamiri miaka ya 1970 kilimo cha kuuza nje kilinyauka na piramidi zile zikatoweka.

Kamba ya pili ni bei inayopanda na kushuka kwa mambo yanayotokea mbali, na ya tatu inafanana nayo: serikali hukopa bei ikiwa juu, kisha hulipa bei ikiwa chini. Ya nne ndiyo inayoniuma zaidi. Serikali inayoendeshwa kwa kodi ya mama ntilie, fundi seremala na mwenye duka inalazimika kuwasikiliza kidogo, kwa sababu wakigoma kutoa kodi itakwama. Serikali inayolipwa na kisima cha mafuta inahitaji kitu kimoja tu, ulinzi wa kisima.

Lakini kamba hizi hazikaziki sawasawa kila mahali. Norway ilipata mafuta makubwa mwaka 1969 na haikunyongwa nazo. Ndipo wachumi watatu wa huko huko, Mehlum, Moene na Torvik, walipoonyesha mwaka 2006 kwamba matokeo ya Sachs na Warner yanabadilika ukiingiza ubora wa taasisi kwenye hesabu. Hoja yao inaeleweka hata kijiweni. Katika kila nchi kuna watu wachache wenye akili ya biashara, ujasiri na mtaji. Kila asubuhi wanachagua ama kufungua kiwanda ama kukaa kwenye korido ya waziri kusubiri kibali. Pale ambapo sheria inamlinda mwenye kiwanda na korido haina kitu, utajiri wa madini humpa mwenye kiwanda wateja zaidi. Pale ambapo korido ndiyo inayolipa, kila dola mpya ya madini humwita mtu mwingine aache kiwanda akapange foleni. Jiwe ni lile lile.

Kuna mtego hapa ambao wengi wanaupita bila kuuona. Kupima "utegemezi wa madini" si sawa na kupima madini. Nchi ambayo viwanda vyake vimekufa kwa vita au kwa uporaji itaonekana inategemea madini kwa asilimia 90, kwa sababu hakuna kingine kilichobaki cha kuuza. Ukiona utegemezi mkubwa unakwenda pamoja na umaskini, huenda umeona jeraha, ukadhani ni kisu. Watafiti waliopima akiba iliyoko ardhini, badala ya sehemu yake katika mauzo ya nje, hawakuikuta ile laana kwa urahisi.

Sasa twende Botswana, kwa kuwa hapo mambo yanaonekana kwa mpangilio wa tarehe.

Ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966, ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na barabara ya lami isiyofika hata kilomita 20. Waingereza walikuwa wakiitawala kutoka Mafikeng, mji ulio nje ya nchi yenyewe, ndani ya Afrika Kusini. Kudharauliwa huko kulikuwa na faida ambayo hakuna aliyeikusudia. Mkoloni aliyeona nchi haina cha kuchukua hakujisumbua kuvunja utaratibu alioukuta. Kgotla, baraza la wazi la Watswana, likabaki. Humo mtu wa kawaida aliweza kusimama na kumpinga mkubwa mbele ya watu, na Watswana wana usemi wao kwamba mtawala ni mtawala kwa sababu ya watu. Viongozi wa kwanza wa nchi, akiwemo rais wa kwanza, Seretse Khama mwenyewe, walikuwa wafugaji wenye ng'ombe wengi. Walitaka mipaka inayoheshimiwa, mahakama inayofanya kazi na njia ya kufikisha nyama sokoni, na walivyovitaka kwa ajili yao viliwafaa na wengine.

Mwaka 1967 almasi ilipatikana Orapa. Mwaka huohuo nchi ikapitisha sheria inayoweka haki ya madini ya ardhi za makabila mikononi mwa taifa. Orapa iko katika eneo la Wangwato, na Seretse Khama alizaliwa kuwa mtawala wa Wangwato, ingawa alikuwa ameshaukana utawala huo ili arejee kutoka uhamishoni alikopelekwa na Waingereza baada ya kumwoa Ruth Williams, mwanamke mzungu wa Uingereza. Angeweza kabisa kusema almasi ni ya ukoo wake na jirani zake. Sheria ikaichukua kwao na kuipa nchi nzima. Miaka michache baadaye almasi nyingine ilipatikana Jwaneng, katika ardhi ya Wangwaketse, na mgodi huo uliofunguliwa mwaka 1982 ukawa tajiri kuliko yote duniani kwa thamani. Kama swali la umiliki lingesubiri hadi Jwaneng, makabila mawili yangekuwa yanatazamana juu ya mashimo mawili. Lilijibiwa mgodi wa kwanza ukiwa bado haujafunguliwa, wakati kila mtu aliweza kukubali bila kujua anapoteza kiasi gani.

Hatua ya pili ilikuwa mkataba. Mwaka 1969 serikali ilikubali kupewa hisa asilimia 15 katika kampuni ya kuchimba iliyoundwa na De Beers, kampuni iliyokuwa imelishika soko la almasi la dunia. Nchi changa, wataalamu wachache, haikuwa na nguvu zaidi ya hapo. Lakini mwaka 1975, utajiri ulipokuwa umeonekana na maofisa wake wameshajifunza biashara, ilirudi mezani ikatoka na asilimia 50 ya kampuni ambayo leo inaitwa Debswana. Ukijumlisha gawio, kodi na mrabaha, inakadiriwa kwamba karibu asilimia 80 ya faida hubaki kwa serikali. Nasisitiza neno mezani. Hakuna mgodi uliofungwa wala mwekezaji aliyefukuzwa. Kulikuwa na watu waliokuwa wanajua bei ya jiwe.

Hatua ya tatu ni matumizi. Fedha za madini zilihesabiwa kama mauzo ya ng'ombe. Mfugaji anayejua ufugaji akiuza dume hali fedha yote kwenye sherehe. Anachimba kisima au ananunua mitamba. Kanuni ilikuwa kwamba mapato ya almasi yaende kwenye shule, barabara, hospitali na akiba, wakati mishahara na matumizi ya kila siku yatokane na vyanzo vingine. Akiba hiyo ikapata jina la Mfuko wa Pula mwaka 1994. Pula ni mvua kwa Kitswana, na ni jina la fedha yao pia. Ukimwi ulipoikumba nchi ile kwa kiwango cha kutisha, serikali ilikuwa na pa kuanzia: mwaka 2002 ilianza kugawa dawa za kufubaza virusi bila malipo, mapema kuliko serikali nyingine za Afrika. Unapouliza taasisi nzuri zinaonekanaje, mojawapo ya majibu ni mama aliyebaki hai akalea watoto wake.

Katanga, jimbo la shaba kusini mwa Congo, mambo yalikwenda kinyume, na inafaa sisi tunaoongea Kiswahili tuijue habari hii, maana Kiswahili cha Lubumbashi kilikomaa kwenye makambi ya wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya Kibelgiji iliyoanzishwa mwaka 1906. Congo haikuanza kama nchi yenye baraza. Ilianza mwaka 1885 kama mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili, ikaendeshwa kwa lengo moja la kukamua. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 haukutimiza hata wiki mbili kabla ya Katanga kujitangaza nchi, ikiungwa mkono na wenye shaba. Mobutu alipotaifisha migodi mwaka 1967 na kuzaliwa Gécamines, alibadili jina la mwenye mizani. Kioo hakikuwekwa.

Kwa miaka kadhaa ilionekana kama inakwenda. Shaba ilikuwa na bei nzuri, na kampuni ilimpa mfanyakazi nyumba, posho ya unga, shule na hospitali. Kisha katika mwaka 1974 na 1975 bei ikaporomoka, wakati Zaire, kama Congo ilivyoitwa siku hizo, ilikuwa imekopa kana kwamba haitashuka kamwe. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Erwin Blumenthal, aliyekuwa ofisa wa benki kuu ya Ujerumani Magharibi, akae ndani ya benki kuu ya Zaire kudhibiti matumizi. Aliondoka mwaka uliofuata. Ripoti yake ya mwaka 1982 ilieleza wazi kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao maadamu utawala ule upo. Hii ndiyo picha ninayotaka uishike: mtu aliyewekwa mahsusi ili aseme hapana, akiwa na dunia nzima nyuma yake, hakuweza kuzuia. Hapana yake haikuwa na mahakama, bunge wala gazeti la kuishikilia.

Kilichofuata kilikuwa kifo cha taratibu. Fedha za kukarabati mitambo zililiwa. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha karibu tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000. Shaba haikuwa imeisha. Leo Congo, kwa mikono ya makampuni mengine, ni ya pili duniani baada ya Chile kwa shaba, na hutoa sehemu kubwa kabisa ya kobalti inayoingia kwenye betri za simu na magari. Kilichokuwa kimeisha ni bolti, mafuta ya mashine na mishahara. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wengi wakiwa wanadai mishahara ya miezi mingi. Baba aliyezaliwa katika nyumba ya kampuni na kutibiwa katika hospitali ya kampuni alikuta watoto wake wanakwenda Kolwezi na sululu kuchimba mashimo wenyewe.

Nisiwe mtu wa kusimulia hadithi ya malaika na shetani, kwani msomaji makini ataniuliza kuhusu mwamba wenyewe. Almasi ya Orapa na Jwaneng imekaa ndani ya bomba la mwamba wa kimbalaiti, kama ile ya Mwadui kwetu Shinyanga. Inahitaji baruti, mitambo na mtaji, na ukizungusha uzio mmoja umemaliza ulinzi. Almasi za Kono, Sierra Leone, zilitawanywa na mito, kijana mwenye chekeche anazifikia, na kundi lenye bunduki linazifikia pia. Ni rahisi kuwa na utaratibu mzuri juu ya shimo moja kuliko juu ya bonde zima. Pia Botswana ilikuwa na watu wachache. Haya yote ni kweli, lakini shaba ya Katanga nayo ilihitaji baruti na mitambo, na hiyo haikuiokoa.

Na Botswana yenyewe ina majeraha. Wabasarwa, wenyeji wa zamani wa Kalahari, waliondolewa kwenye hifadhi yao, na ilibidi waende mahakamani. Desemba 2006 Mahakama Kuu iliwapa ushindi dhidi ya serikali. Pengo kati ya tajiri na maskini ni miongoni mwa makubwa duniani, na vijana wengi hawana kazi. Mgodi wa almasi huajiri watu wachache, na taasisi zilizojua kulinda fedha hazikujua kuzalisha viwanda. Almasi zinazotengenezwa maabara zilipoanza kuuzwa kwa bei ya chini, uchumi wa nchi ulisinyaa mwaka 2024. Oktoba mwaka huo wananchi walikiondoa chama kilichotawala tangu uhuru, miaka 58, na rais aliyeshindwa akakubali akaenda zake. Agosti 2025 rais mpya, Duma Boko, alitangaza hali ya dharura ya afya kwa sababu dawa zilikuwa zimepungua hospitalini. Kura ilifanya kazi, na dawa zilikosekana. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na naona linafundisha kwamba taasisi huamua nani atakula na kwa utaratibu gani. Kazi ya kupanda chakula kingine ni ya ziada, nayo ilicheleweshwa.

Kwa jirani zetu wa kusini, madhara yalitangulia hata gesi yenyewe. Msumbiji iligundua gesi nyingi pwani ya Cabo Delgado, mahali ambapo ukitembea Palma utaelewana na wenyeji kwa Kiswahili. Mwaka 2013 na 2014 makampuni matatu ya serikali yalikopa dola bilioni 2 kwa dhamana ya taifa, na Bunge halikuidhinisha dhamana hizo. Sehemu kubwa ya deni ilikuwa siri hadi Aprili 2016, wafadhili wakasitisha misaada, na fedha ya nchi ikaanguka. Kitu pekee kilichokuwa kimefika kutoka baharini ni matumaini, na matumaini yalitosha kukopewa.

Na sisi Watanzania? Dhahabu tuliifanyia mambo kwa mpangilio wa kinyume. Sheria ya mwaka 1998 iliweka mrabaha wa dhahabu asilimia 3, mikataba ikawa siri, na mjadala wa kweli ukaja migodi ikiwa imeshazalisha miaka mingi: sheria mpya ya 2010, kisha mzozo wa makinikia, mchanga wenye dhahabu na shaba uliokuwa ukisafirishwa nje, na sheria za 2017, hisa isiyopungua asilimia 16 kwa serikali, na hatimaye Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati ya serikali na Barrick. Tulifika mezani, ila kwa ugomvi, kesi na makontena yaliyozuiwa bandarini, baada ya mashimo kuwa marefu.

Gesi ya kina kirefu cha bahari, Lindi na Mtwara, ni tofauti, kwa kuwa bado haijatoka. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana kwa sababu waliona bomba la gesi nyingine, ile ya karibu na pwani ya Mnazi Bay, linapangwa kwenda Dar es Salaam kabla hawajaambiwa wao watapata nini, na damu ikamwagika. Walikuwa wanauliza swali la mwaka 1967 la Botswana: ni mali ya nani, na nani kakubali? Tangu hapo tumepata sheria ya mwaka 2015 ya kusimamia mapato ya mafuta na gesi, yenye mfuko wake, na sheria ya 2017 inayowapa wabunge nafasi ya kupitia masharti ya mikataba. Mazungumzo ya kiwanda kikubwa cha kusindika gesi yamechukua zaidi ya miaka 10. Likong'o, nje kidogo ya mji wa Lindi, wenyeji wameshalipwa fidia ili kupisha ardhi. Mkataba ukisainiwa ndipo tutajua kama raia wa Lindi ataweza kuusoma.